Turbo Imekufa, Dereva Anakatwa

Mfyuu! Jamani, hili la turbo sasa limetufika hapa. Zamani kijiweni kwetu Unga Limited, Arusha, ukimkuta dereva wa utalii ameshika tama ulijua springi imekatikia Ndutu, au wageni wameondoka bila kuacha bakshishi. Siku hizi ukimuuliza kulikoni, jibu ni lile lile: gari jipya, hata miaka miwili halijamaliza, limepanda mlima likaanza kupiga mluzi, likatoa moshi, likaishiwa nguvu. Turbo imekufa. Na gari likiwa bado linavutwa kurudishwa mjini, bosi ameshapiga simu na swali moja tu: nani alikuwa anaendesha?

Hapo kahawa inapoa vikombeni. Mmoja anaapa kwamba magari ya siku hizi ni makopo, bora angebaki na Land Cruiser yake ya zamani isiyo na turbo. Mwingine anasema waliotengeneza wamekusudia yaharibike ili tununue spea. Wa tatu anawashukia madereva: vijana wa sasa mguu mzito, hawajui kubembeleza gari. Nimesikiliza yote hayo, na nina neno. Turbo zinazokufa mapema huku kwetu, nyingi zinauawa, na wauaji wanajulikana: oili, vumbi, joto, mafuta machafu na ubahili wa wenye magari. Anayelipishwa ni mtu mwingine kabisa. Hilo ndilo linalonifanya nisonye.

Tuanze na hao wanaosema turbo ni balaa la juzi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikishia hataza tangu 1905. Aliona kwamba moshi unaotoka kwenye injini una joto na nguvu zinazopotea bure kwenye ekzosi. Basi akasema moshi huo uzungushe feni, feni hiyo iunganishwe kwa shafti na feni nyingine upande wa pili, na hiyo ya pili isukume hewa nyingi kuingia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi inaungua vizuri, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege yenye turbo hadi juu ya mlima Pikes Peak kule Colorado, zaidi ya mita 4,300, aonyeshe kwamba hata hewa ikiwa nyepesi injini inaweza kubaki na nguvu zake. Kwa hiyo mlimani ndiko turbo ilikojitetea tangu siku hizo.

Na malori je? Scania zinazopanda mlima Kitonga na tani zake, zikitoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia na Kongo, zina turbo. Zinafanya kazi hiyo miaka na miaka. Anayesema turbo haiwezi kudumu Afrika akakae Ruaha Mbuyuni asubuhi moja ahesabu malori yanayopita.

Kilichobadilika ni gari ambamo turbo imeingia. Kwa miongo mitatu gari la kazi hapa kwetu lilikuwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Injini hiyo ilitoka 1990, na nguvu zake hazikuwahi kumtisha mtu, takriban farasi 130, na nguvu ya kuvuta takriban Nm 285. Ilikuwa nzito na mvivu, lakini ilivumilia. Oili ikipitiliza kilomita, ilinyamaza. Filta ya hewa ikiziba, ilitoa moshi mweusi na safari ikaendelea. Vizazi viwili vya madereva na mafundi vimejifunza kazi kwa injini isiyolalamika, na mabosi wao wamejifunza hapo hapo kwamba sevisi inaweza kungoja.

Sasa tazama kilichokuja. Mwaka 2023 Toyota waliingiza kwenye Land Cruiser hiyo hiyo, ile ya mfululizo wa 70, injini ya lita 2.8, silinda nne, yenye turbo, ile iliyokuwa ikitumika kwenye Hilux tangu 2015. Farasi 204, na nguvu ya kuvuta Nm 500 kwa zile za gia otomatiki. Piga hesabu mwenyewe: ukubwa wa injini umepungua kwa theluthi, nguvu ya kuvuta imekaribia mara mbili. Na si wao peke yao. Isuzu, Ford, Nissan na Mitsubishi wote wanauza pikapu za dizeli zenye turbo. Sheria za moshi kwenye masoko makubwa na bei ya mafuta vimewasukuma huko, na hakuna dalili ya kurudi nyuma.

Tena tuseme kweli, kwa kazi zetu turbo ni neema. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa kule ni pungufu kwa karibu robo kuliko ufukweni Tanga. Land Cruiser ya zamani iliyojaa wageni, mahema na madumu ya maji, kutoka lango la Loduare hadi juu inapumua kwa shida, na foleni inajikusanya nyuma yake. Yenye turbo inapanda huku dereva anawasimulia wageni habari za tembo. Aliyeendesha zote mbili hawezi kulikana hilo.

Lakini neema hii ina masharti, na masharti hayo hatukuelezwa. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na zile turbo ndogo hupita hata 200,000. Wakati huo injini yenyewe iko kwenye 3,000 hivi. Upande mmoja wa shafti unapigwa na moshi wa nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi, upande wa pili unavuta hewa ya kawaida ya nje. Na katikati, kwa turbo nyingi za magari haya, hakuna beringi za gololi. Shafti inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili ile ile inalainisha, na ile ile inaondoa joto. Ikikosekana kwa sekunde chache tu, chuma kinagusa chuma. Hapo usitafute mchawi.

Basi tuanze na oili. Ingia duka lolote la spea uombe oili ya dizeli. Utapewa namba 40, oili nzito ya enzi zile, au 15W-40 ya kwenye pipa inayopimwa kwa kopo. Kitabu cha gari jipya kinataka 5W-30 au hata 0W-30. Na kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, kinataka oili yenye majivu kidogo, kwa sababu majivu hayaungui, yanabaki yakijaza chujio. Alfajiri ya Karatu ni baridi ya kukaza vidole. Oili nzito inachelewa kupita kwenye mrija mwembamba unaokwenda kwenye turbo, na dereva, kwa kuwa wageni wanataka kuwawahi simba, anawasha gari na kupiga resi papo hapo. Kila asubuhi hivyo hivyo, msimu mzima. Juu ya hapo kuna oili bandia: kopo zuri, lebo nzuri, ndani oili iliyokwisha kutumika ikachujwa. Bei yake inamvutia bosi, na gharama yake inakuja kuonekana mlimani.

Kisha kuna hesabu ya kilomita. Ofisini wanahesabu 10,000 ndipo oili ibadilishwe, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema kwenye ukurasa wa kwanza wa sevisi. Vitabu vingi vina jedwali la pili, la mazingira magumu, na humo muda wa oili unakatwa, mara nyingi hadi nusu. Vumbi, mzigo, milima, mwendo wa pole kwa saa nyingi, injini kuunguruma gari limesimama: hayo ndiyo maelezo ya mazingira magumu, na hayo ndiyo maisha ya gari la utalii kila siku ya Mungu. Gari likisimama saa nzima wageni wakimtazama chui juu ya mti, injini inaunguruma, mita ya kilomita haisogei hata moja. Oili inachakaa, daftari la ofisi halijui.

Vumbi sasa. Hili nimeliona kwa macho, nitalieleza lilivyokuwa. Kijana mmoja alikuja kwa fundi mzee wa hapa mtaani, uso umemshuka.

"Shikamoo, mzee. Turbo imekufa, bosi anasema nitailipa mimi."

"Marahaba, mwanangu. Lete spana kwanza tuione. Ya kulipa tutayajua baadaye."

Mzee akalegeza klipu, akachomoa mpira unaopeleka hewa kwenye turbo. Akaingiza kidole ndani ya ule mpira, akakitoa, akatuonyesha. Kidole kilikuwa na vumbi laini la kijivu, lile la njia ya Naabi kule Serengeti. Mpira huo uko baada ya filta. Vumbi halipaswi kufika hapo hata chembe. Akamulika kwa tochi ya simu kwenye feni ya turbo. Kingo za mapanga yake, ambazo zilipaswa kuwa kali na sawasawa, zilikuwa zimelika na kuviringika, maana vumbi linaloingia kwa kasi ile linafanya kazi ya msasa. Akashika ncha ya shafti akaitikisa pembeni. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini hii ilicheza mpaka mapanga yakagusa ukuta, na ukutani palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Akaivuta nje na ndani, nayo ikafuata mkono. Hiyo haina dawa.

Mzee hakuishia hapo. Akafungua boksi la filta. Filta ilikuwa ya bei ya chini, ukingo wake wa mpira mwembamba, na upande mmoja haukukaa sawa. Palipokuwa na mwanya, vumbi lilikuwa limechora mstari mrefu likipita. Akamuuliza kijana, "Filta hii umenunua wewe?" Kijana akasema hapana, aliletewa na ofisi, akaambiwa aifunge. Mzee akafuta mikono kwa tambara, akasema: "Basi aliyeinunua ndiye aliyeua turbo."

Niliondoka pale nikiwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo. Filta halisi bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya turbo. Na hata walionunua filta nzuri wanaiharibu kwa kuipuliza kwa kompresa kila jioni, upepo wa nguvu, pua ya bomba imegusa karatasi. Karatasi inatoboka matundu yasiyoonekana kwa macho, na kesho yake gari linaingia kwenye msafara, kila gari likila vumbi la mwenzake. Kama ni lazima kupuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kisha iangalie filta kwenye mwanga wa jua. Ukiona tundu, tupa.

Joto. Wote mnapajua pale juu ya Ngorongoro, kwenye kituo cha kutazamia kreta. Gari limetoka kupanda mlima wote ule, turbo imepata moto wa kutosha. Wageni wanaruka kwenda kupiga picha, dereva anazima gari sekunde ile ile. Injini ikizimwa pampu ya oili inasimama, na oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua na kuwa mkaa. Mkaa huo unaziba mrija na kuukwaruza ule mwanya mwembamba wa shafti. Vitabu vya magari ya turbo vinaeleza: baada ya mlima au mwendo mkali, acha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Wageni hawatakimbiwa na kreta. Hapa dereva ana wajibu wake, nami simtetei. Lakini niambieni, ni kampuni ngapi zimemkalisha dereva chini, zikampa funguo za gari jipya na kumweleza hilo?

Mafuta nayo yana kesi yake. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia 2015, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ulaya wako kwenye 10 tangu 2009, na magari mengi mapya yalibuniwa kwa mafuta ya namna hiyo. Juu ya salfa tuna wale wanaochanganya mafuta ya taa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili wachakachuaji wakamatwe, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Serikali mbili hazihangaiki hivyo kwa jambo dogo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli. Nozeli ikiharibika inamwaga badala ya kunyunyiza, masizi yanaongezeka, joto la moshi linapanda, na mzigo wote huo unaishia kwenye turbo. Dereva anayejaza dumu la porini kwa kuwa ofisi imempa pesa pungufu ya kituo hajachagua kuua gari. Amechaguliwa.

Usisahau mipira ya hewa inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye interkula, kile kipoza hewa, na kwenye injini. Ukipasuka mmoja, au klipu ikilegea kwa mitikisiko ya barabara, hewa inavuja, na turbo inazunguka kwa kasi zaidi ikijaribu kufidia. Dalili yake ni mlio wa hewa inayotoroka, moshi mweusi na gari kukosa nguvu. Ni kazi ya spana na dakika chache. Ukiipuuza, shafti inapitishwa kasi yake, na utanunua turbo kwa sababu ya klipu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari nalo halifichiki.

Sasa nigeukie watengenezaji na wauzaji, maana nao hawatoki hapa bila lawama. Turbo za magari haya mapya si zile za malori ya zamani. Nyingi zina vipande vidogo ndani vinavyosogea kuongoza moshi, na mota ya umeme ya kuvisogeza. Masizi yakiganda, vipande vinakwama. Mota au sensa ikigoma, taa ya injini inawaka na kompyuta inazibana nguvu za gari lijilinde, uko katikati ya Serengeti na wageni wako. Ukifika mjini unaambiwa nunua turbo nzima, wakati mwingine kumbe kilichokufa ni mota peke yake. Na yale yenye chujio la masizi yanahitaji joto kali kwenye ekzosi kila baada ya muda ili masizi yaungue. Chujio likiziba, moshi unarudi nyuma na kuipika turbo.

Haya si maneno ya kijiweni tu. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilikubali kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000, zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zilikuwa na kasoro kwenye mfumo huo wa chujio la masizi. Kesi ile haikuhusu turbo, bali imetufundisha jambo: kampuni kubwa inaweza kuuza gari lenye kasoro, na wenye magari wakiungana wakiwa na ushahidi mkononi, wanasikilizwa. Ushahidi wenyewe ni risiti za oili, filta zenye tarehe, daftari la sevisi. Sisi huku gari likifa tunasema "ni mapenzi ya Mungu," kisha tunamkata kijana mshahara.

Kwa hiyo wauzaji, tafadhali. Mnapomkabidhi mtu gari la kazi, mpeni lile jedwali la pili kwa Kiswahili, libandikwe ndani ya mlango wa gari. Oili gani, kilomita ngapi kwa njia za vumbi, filta ibadilishwe lini, injini izimwe vipi. Leteni na mota na sensa kama spea za peke yake. Mteja aliyeelimishwa anarudi kununua gari la pili.

Na gereji zetu, ndugu zangu mafundi, nanyi sikilizeni. Turbo ikifa, kuibadilisha bila kujua iliuawa na nini ni kuiandalia nyingine kaburi. Kwanza mrija wa oili usafishwe au ubadilishwe. Kichujio cha oili chini ya injini kikaguliwe, maana washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba njia yake. Bomba la kupumulia injini lisiwe limeziba, la sivyo oili inasukumwa kupita kwenye sili za turbo. Interkula imwagwe oili yote na vipande vya chuma vitolewe, au injini itavimeza. Na zile katriji za ndani ya turbo za bei ya kutupa, ambazo hazikusawazishwa kwa mashine, mnazijua wenyewe. Kitu kinachozunguka mara 100,000 kwa dakika hakitaki kubahatisha.

Tena kuna hatari ya uhai hapa. Sili za turbo zikivuja sana, oili ya injini inaingia kwenye hewa, na injini ya dizeli inaanza kuunguza oili yake yenyewe. Inapaa resi, unazungusha ufunguo kuzima, haisikii, moshi mweupe na bluu unafunika kila kitu. Kama gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa kabisa na uachie klachi injini ikabwe izime. Kama ni otomatiki, njia ni kuziba mdomo wa hewa kwa kitu kigumu na bapa, ubao au kitabu kinene, na kamwe si kwa mkono. Ukiona haiwezekani, toa watu, kaa mbali. Gari litanunuliwa jingine.

Nimefika kwenye lile linalonikera kuliko yote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwenye biashara hii ya magari mzigo umetupwa kwa dereva. Hakuchagua oili, hakununua filta, hakupanga ratiba ya kuwahi Seronera, ndani ya Serengeti, kabla ya jua kuzama, hakuchagua kituo cha mafuta. Lakini turbo ikifa anaambiwa: utakatwa mpaka iishe. Vijana wanafanya kazi msimu mzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Watoto wanarudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Nimewaona, ni jirani zetu.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaweka masharti kabla mwajiri hajamkata mfanyakazi mshahara kufidia hasara. Mfanyakazi awe amekubali makato hayo kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri ampe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na hesabu ilivyopigwa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa kosa lake, sheria imesema. Turbo iliyokufa kwa filta mbovu aliyoinunua bosi ni kosa la nani?

Kwa hiyo madereva, jilindeni. Asubuhi wacha injini ingurume kidogo kabla ya kupiga resi. Ukimaliza mlima, subiri kabla ya kuzima. Pima oili kila alfajiri. Ukisikia mluzi usio wa kawaida au ukiona moshi umebadilika rangi, simama, toa taarifa kwa ujumbe wa simu ili ibaki kwenye maandishi. Piga picha ya filta unayoletewa na ya kopo la oili linalomiminwa. Ukikatwa bila kosa kuthibitishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili yako, na mlango wake hauna kiingilio.

Nanyi wenye magari, mabosi zetu mnaotupa kazi, tunawaheshimu na tunataka biashara zenu zisimame. Gari mlilonunua ni zuri na turbo yake itadumu, mkiilisha oili yake, mkiinyima vumbi na mkiipa muda wa kupoa. Na siku ikifa, kabla hamjagusa mshahara wa mtu, mwiteni fundi afungue bomba la hewa na mrija wa oili, dereva akiwa amesimama pembeni anaona. Kitakachokutwa humo ndicho kilipe.